Diski Tatu kwa Trekta la Farasi Thelathini

Kariakoo ukitaka pazia utaulizwa upana wa dirisha. Ukitaka tairi utaulizwa namba. Lakini njoo ununue plau ya trekta uone! Hakuna atakayekuuliza trekta lako lina nguvu ya farasi wangapi. Utaulizwa unatoka mkoa gani, utapewa kiti na soda baridi, kisha utauziwa ile iliyokaa stoo muda mrefu. Nimeuza zana za kilimo miaka kumi na moja, mtaa wa nyuma ya Msimbazi, na jambo hili linanikera mpaka kesho.

Mimi hesabu ya farasi nilifundishwa na baba, aliyeendesha trekta kwenye shamba la miwa mpaka akastaafu. Alikuwa akisema kila diski moja ya plau, ile sahani ya chuma inayopindua udongo, inataka farasi kumi na tano kwenye udongo laini, ishirini na zaidi kwenye udongo mzito. Ukizidisha mzigo, trekta litainua pua, magurudumu ya nyuma yatazunguka pale pale, na kitakachokufa kwanza ni klachi. Basi, hakuna zaidi. Mtoto wa darasa la nne anaelewa.

Siku moja akaja mama mmoja kutoka Kilosa. Muuguzi mstaafu, kavaa kitenge na raba, mkobani ana kadi ya trekta lake: kadogo, ka Kijapani, mtumba, farasi thelathini. Kiinua mgongo chake chote kilikuwa kimeishia hapo. Sasa alitaka plau, alime shamba lake na mashamba ya majirani kabla ya mvua. Nikamwamkia, nikaisoma kadi, nikamwambia, "Mama, wewe chukua hii ya diski mbili, nyepesi. Ya diski tatu itakusumbua."

Bosi wangu, mwenye duka, akasikia. Alikuwa na plau ya diski tatu, nzito, imelala stoo tangu msimu uliopita. Akaja mbio, meno yote nje. "Mama yangu, diski mbili ni za bustani! Unataka kulima mchicha? Trekta ni trekta. Chukua tatu, umalize ekari zako haraka, watu wakuheshimu." Halafu akanigeukia mimi. "Dada, hebu kamletee mama chai."

Nikaenda. Mwanamke mzima, mama wa watoto watatu, ninayejua ninachosema, nikaenda kuleta chai.

Niliporudi plau ilikuwa imeshatolewa nje, na mvuta mkokoteni anaizunguka. Akaishika, akaitikisa, akasonya. "Bosi, hii siivuti peke yangu mpaka kwenye fuso. Ongeza mtu, utanivunja kiuno bure." Na bosi hakubisha hata kidogo! Akaita mtu wa pili pale pale. Jamani, damu ilinichemka. Mkokoteni wa mbao umeongezewa mtu bila ubishi, trekta la watu limebebeshwa tu. Mama akanishukuru kwa chai, akaniita mwanangu. Nikamwambia safari njema, nikarudi kaunta.

Mvua zilikuwa zimeshaanza alipokuja tena. Safari hii hakutaka kiti. Akatuonyesha picha kwenye simu: trekta lake limefunguliwa katikati, vipande viwili juu ya magogo, klachi imeungua nyeusi tii. Majirani walikuwa wameshapanda kwa jembe la mkono. Shamba lake lenyewe limelimwa robo tu.

"Klachi ipo, mama yangu, tena orijino!" bosi akasema, hata picha hajaiangalia vizuri. "Lakini shida hapo ni dereva. Madereva wa siku hizi wanakanyaga klachi hovyo."

"Ndivyo nilivyomwambia," mama akajibu. "Mtu mzima, tumekua naye kijiji kimoja. Siku ya kwanza tu aliniambia, dada, hii plau imelizidi trekta. Nikamwambia walioniuzia ni watu wa Kariakoo, wanazijua mashine kuliko wewe, sema umechoka kazi. Ilipoungua nikamwita mhujumu mbele ya watu. Nikamfukuza. Amehama na familia yake."

Bosi akatikisa kichwa, eti kwa huruma, huku mkono unapapasa rafuni kutafuta boksi la klachi. Loh! Anamuuzia ugonjwa, halafu anamuuzia na dawa! Hapo nikashindwa.

"Dereva wako hana kosa, mama," nikasema. "Plau ndiyo kubwa. Ukifunga klachi mpya ukavuta plau ile ile, utarudi tena hapa."

Bosi akaanza kufoka, eti namfukuzia wateja, eti nitafute kazi kwingine. Mama akamnyamazisha kwa kiganja, kama aliyezoea kunyamazisha wodi. Alikuwa ananitazama mimi.

"Siku ile ulijua?"

"Nilijua, mama. Nilikwambia uchukue mbili."

"Uliniambia itanisumbua. Hukuniambia itaniua." Akamnyooshea bosi kidole. "Huyu anauza, namwelewa. Wewe sikuelewi."

Nilitaka kumweleza habari za ada za watoto, za chumba changu cha Buguruni, za bosi alivyo. Zote za kweli.

Mama akatoka mlangoni, akatafuta namba ya dereva wake, akapiga. Simu iliita mpaka ikakatika. Akapiga tena, wapita njia wanampiga vikumbo na mizigo yao, yeye kasimama tu, simu sikioni, anasubiri. Mara ya nne akaambiwa namba anayopiga haipatikani.