Marahaba ya Mama

Fundi akifungua kompyuta kuukuu, harufu ya vumbi lililopata moto hunirudisha mtaani Mchafukoge, kwenye duka la intaneti la Mhindu mmoja mpole. Mengine huenda nimeyachanganya, ila haya nayakumbuka.

Kaka alikuwa ughaibuni, kimya tangu aondoke. Siku moja akamtumia jirani ujumbe kwamba mchana ule ataingia kwenye chumba cha kuchati. Mama hakujua kusoma, kwa hiyo nilichapa mimi.

"Mfumo wangu wa bure, hauna mapambo, maandishi tu," alisema mwenye duka. "Andika jina, bonyeza hapa, umeingia."

Majina yakajipanga kwenye kioo cheusi. La kaka lilikuwemo.

"Wote hao wamo ndani?" mama akauliza. "Wasalimie kwanza. Tutaingiaje kwa watu bila salamu?"

"Mama, kijana atatoka," mwenye duka akasema.

"Mwanangu namjua. Atangoja."

Nikawasalimia mmoja mmoja, nikitafuta kila herufi kwa kidole. Kaka akaandika: *Shikamoo mama. Mbona huniandikii? Naitwa kazini.*

"Mwambie marahaba," mama akasema. "Mwambie arudi."

Kabla sijamaliza, ukatokea mstari kwamba kaka ametoka. Nikamalizia, nikabonyeza.

"Imeenda?"

Mwenye duka alitazama kioo, kisha akamtazama mama. "Imeenda, mama."

Hakudanganya. Ilienda kweli, na wale wageni wote waliisoma.

Mama akajifunga kanga vizuri. "Basi twende. Keshasikia."