Krimu ya Mama Joëlla

Mtu asinidanganye kwamba krimu ni maziwa tu. Nilimuona Mama Joëlla akiitengeneza miaka sita, jikoni kwa Madame Amélie kule Mutanga Sud, na naapa ile ni kazi ya mtu mwenye moyo mgumu. Maziwa yanalala kwenye friji, asubuhi anaengua utando wa juu kwa kijiko, polepole. Sukari anaitwanga kwenye kinu mpaka iwe unga, kisha anaichunga kwa kitambaa. Halafu bakuli la chuma juu ya barafu, na waya wa kupigia mayai mkononi. Anapiga, anapiga, jasho linamtiririka mpaka kwenye kiuno. Mashine ya umeme ilikuwepo, akaikataa.

“Mashine haina masikio, Mama Moubarak,” ananiambia. “Krimu ikifika, inabadilisha sauti.”

Na ikifika, analipindua bakuli juu ya kichwa chake mwenyewe. Isipoanguka, tayari. Mimi na pasi yangu mlangoni, roho juu.

“Siku ikimwagika je?”

“Si utanifulia nywele! Kazi yako ni nini hapa?”

Kisha anaipeleka mezani na inkeri, yale matunda madogo mekundu ya kwenye baridi ya Bugarama, na wageni wa Madame wanafumba macho wakila.

Jina lake lilikuwa Geneviève. Alitoka Uvira, ng'ambo ya mpaka, na mtoto mgongoni, baada ya bwana yake kuuawa njiani akienda shambani. Yule mtoto, Joëlla, ndiye peke yake aliyemzaa. Mimi ni wa Buyenzi, mtaa wa Waislamu, nimezaliwa hapo, babu yangu kazaliwa hapo. Yeye alipika, mimi nilifua na kupiga pasi. Tuliitana kwa majina ya watoto wetu kama watu wenye adabu, na tukapendana kweli.

Sasa ngoja niliseme lile neno, maana nikizunguka nitakimbia, najijua.

Ilikuwa Ramadhani. Saa nne asubuhi, joto limeshapanda, na Madame anangoja wageni wa mchana. Mama Joëlla alikuwa ameshapiga krimu yake, ameiweka kwenye friji, akatoka nyuma kuosha inkeri kwenye bomba. Nikaingia kuchukua maji ya kunyunyizia nguo. Nikafungua friji. Wallahi sijui ni shetani gani, wanasema wanafungwa mwezi ule, basi huyu alikuwa mimi mwenyewe. Nikatia vidole vitatu, nikalamba. Nikatia tena. Nikafunga friji, nikarudi kwenye pasi yangu na mtandio umenikaa vizuri kichwani, mwanamke wa dini.

Madame akaikuta ile mifereji ya vidole. Alikuwa na woga wa magonjwa yule mama, mpishi kuonja kwa kidole kwake ilikuwa kama kutema mate kwenye sahani. Akatuita wote wawili sebuleni. Akaniangalia mimi kwanza.

“Mwanvua anafunga,” akasema. “Wewe Geneviève, ni wewe.”

Ni hivyo tu. Saumu yangu ikawa shahidi wangu. Ningesema ni mimi, habari ingefika Buyenzi kabla ya magharibi: Mwanvua anakula mchana, Ramadhani, tena krimu ya watu. Mama mkwe wangu alikuwa hai. Nikainamisha kichwa.

“Madame, hii krimu nimeipiga na mikono yangu,” Mama Joëlla akasema. “Nitaiharibu juu ya nini?”

Alitolewa kabla wageni hawajakaa. Miaka sita, akaondoka na sandali zake na kitambaa cha kichwa. Na Madame hakunyamaza, wanawake wa nyumba zile wanapigiana simu. Mpishi anayetia vidole, nani atamchukua? Akauza maandazi Mutakura, yakamshinda. Akahamia Buterere kwenye chumba cha matofali mabichi karibu na mashamba ya mpunga, na mvua ya kwanza maji yakamkuta kitandani. Halafu ugonjwa wa koo. Hospitali walimwangalia, wakamrudisha nyumbani na vidonge vya maumivu.

Nilikuwa naenda kumtazama. Napeleka sabuni, napeleka unga wa uji, nachota maji, nafua mashuka. Watu wa uani walisema, huyu Mwislamu ana moyo, ndugu wa damu hawafanyi hivi. Nikawa nasikia na natamani ardhi inimeze.

Ile siku ya Ramadhani nimeilipa, na toba nimeleta, hayo ni ya kwangu na Mungu. Lakini shehe alitufundisha tangu utoto: haki ya mtu, Mungu hakusamehei mpaka mwenyewe aliyedhulumiwa akusamehe. Na mwenyewe alikuwa anakwenda. Wiki ile maji yalikuwa yanapita kwenye koo lake kwa taabu. Nilitaka msamaha wake, na nilitaka kwa mdomo wake, kabla haujafumba. Sina cha kupamba hapo.

“Nataka kitu cha baridi, Mama Moubarak,” aliniambia. “Kitu laini. Uji unanichoma.”

Nikasema basi, nitampelekea krimu yake, na neno langu nitalisema hapohapo.

Ya kwanza niliiharibu. Umeme ulikatika, barafu ikawa maji, na mimi kwa ujinga nikaendelea kupiga, nikipiga na hasira, mpaka nikapata vipande vya siagi vinaelea. Nikalia jikoni kwangu kama mwanamke aliyefiwa. Kesho yake nikachukua barafu ya mifuko kwa jirani, nikaanza mapema kabla jua halijakasirika. Nikasikiliza. Kwanza inalia maji, halafu inakuwa nzito, halafu ghafla waya hausikiki. Nikaacha. Kupindua juu ya kichwa sikuthubutu.

Nilimkuta Buterere amekaa, mgongo ukutani, simu kwenye paja. Simu ile haikumtoka mkononi tangu vita ilipofika Uvira. Joëlla alikuwa huko kwa bibi yake, alipelekwa mama yake alipokosa kazi, msichana mkubwa sasa. Wengi walivuka mto wa mpakani wakaja huku. Yeye hakuonekana, na namba yake haikupatikana tena.

Akaona bakuli. Akaona inkeri, nilikuwa nimezisaga ziwe laini.

“We! Umepiga mwenyewe?”

“Mwenyewe.”

Nikampa nusu kijiko. Aliishika mdomoni muda mrefu, ikayeyuka, ikapita. Macho yakamjaa machozi.

“Umepunguza sukari,” akasema. “Vizuri. Inkeri zinasikika.”

Nikampa kijiko cha pili. Kijiko kikagonga meno yake.

“Mama Joëlla, nina neno.”

“Sema.”

“Ile siku kwa Madame. Vidole vilikuwa vyangu. Ni mi nilikula.”

Nje mtu alikuwa anapiga jembe kwenye mfereji.

“Apana,” akasema. “We ulikuwa umefunga.”

“Nilikula. Nimefunga na nilikula. Nikanyamaza juu ya aibu. Nisamehe, dada yangu. Kwa Mungu wako na wangu, nisamehe.”

Nilikuwa nimejitayarisha kwa matusi. Nilikuwa nimejitayarisha hata kwa kofi, ingawa mkono wake haukuwa na nguvu ya kuinua kikombe. Yeye akaangalia simu.

“Mi nilifikiri ni Joëlla,” akasema.

Sikumuelewa. Akanieleza kwa ile sauti yake iliyobaki, anapumzika kila baada ya maneno matatu. Siku ile shule ilikuwa imefungwa, mtoto alikuwa naye jikoni, amekaa kwenye kigoda nyuma ya mlango anamenya njegere. Mimi sikumuona, na mlango ulimzuia naye asinione. Basi Mama Joëlla alipofukuzwa akajua si yeye, na si mimi, maana mimi ninafunga. Amebaki nani? Njiani akamuuliza mtoto. Mtoto akakataa. Akaapa. Nyumbani akamchapa na mkanda.

“Si juu ya krimu,” akasema. “Juu ya uongo. Nilitaka aseme tu kweli, nimuache. Akakataa mpaka sauti ikamuisha. Mutoto wa miaka kumi na moja. Nikasema huyu amekuwa jiwe, huyu mi siwezi. Nikamupeleka kwa bibi.”

“Mama Joëlla...”

“Tangu siku ile hajaniita mama. Akipiga simu anasema ‘we’.”

Ya Rabbi. Miaka yote ile nilifikiri alimpeleka mtoto Uvira kwa sababu ya njaa. Nilikuwa nimebeba dhambi moja, nimeipima, nimejua uzito wake, na kumbe ilikuwa na mwenzake.

Nikamshika miguu. Nikalia, nikaomba tena. Yeye akaichukua simu, akabonyeza jina la binti yake, akaiweka kwenye sauti ya nje. Ile sauti ya kike ya kampuni ikasema namba haipatikani. Akabonyeza tena.

“Akipokea, utamwambia we mwenyewe,” akasema. “Si mi. We.”

“Nitamwambia.”

“Na hiyo krimu kula.”

“Ni yako.”

“Kula, Mwanvua. Mbele yangu.”

Hakuwahi kuniita jina langu. Nikashika kijiko. Nilikula nimepiga magoti kwenye sakafu ya udongo, nikimeza na machozi, na yeye ananitazama mdomo huku kidole kinabonyeza. Namba haipatikani. Anabonyeza. Namba haipatikani. Nilipofika katikati nikaacha kijiko, nikadhani imetosha.

“Maliza,” akasema.

Nikamaliza.