Kichuguu cha Kujaribia Risasi

Mimi sijawahi kuwa mtu wa kutulia. Mama alikuwa akisema nilizaliwa nikiwa na safari, na hata sasa ninapoandika haya nimeshainuka mara mbili kwenda dirishani kuangalia mawingu. Lakini hakuna siku nilizohangaika kama siku nne za mwaka ule nilipokuwa shamba la ngano la serikali, huko Hanang, nikapewa bunduki ndogo na kuambiwa niichagulie risasi. Risasi nilizichagua vizuri. Mahali pa kuzijaribia ndipo nilipoharibu.

Nilikuwa msaidizi kwenye vitalu vya majaribio, ambako aina mpya za ngano zilipandwa mistari michache kabla ya kupelekwa kwenye mashamba makubwa. Kanga walifukua mbegu, na zilizobahatika kuchipua zikamalizwa na sungura. Mtaalamu mmoja mgeni, aliporudi kwao, alituachia bunduki ya pointi tuu-tuu, ile inayojikoki yenyewe, pamoja na risasi za aina tatu zilizochanganywa kwenye kreti moja. Meneja akaniambia gari linakwenda Arusha wiki inayofuata kushughulikia kibali, na kwenye fomu iandikwe aina moja tu. Nichague, na nisimletee kesi. Jirani yeyote akilalamika, bunduki inarudi polisi siku hiyo hiyo, na mimi narudi kwetu Bashay kulima mahindi ya baba.

Watu wengi hudhani risasi ikishaingia kwenye bunduki, basi imefaa. Hizi ndogo zinadeka. Baruti yake huwashwa kwa kugongwa kwenye ukingo wa kitako, si katikati kama zile kubwa, na kila mtutu una aina unayoipenda bila kukupa sababu. Huwezi kujua kwa kusoma boksi. Unapiga tano kwenye karatasi, unaangalia matundu yamekaaje, unajaribu aina nyingine. Na kila ukibadilisha, lazima kwanza upige chache za kuuzoesha mtutu, kwa sababu nta ya risasi zilizotangulia bado imo ndani. Hizo za kuzoesha hazihesabiwi. Yule mgeni alinifundisha hivyo, nami nikalishika neno lake kama amri.

Shida ilikuwa mahali pa kupigia. Ardhi ya kule ni tambarare, kavu, ina changarawe. Risasi ngumu ikigonga jiwe inaruka na kuendelea na safari yake, na ng'ombe wa wafugaji wa kijiji cha Gendabi walikuwa wakilishwa ng'ambo ya barabara. Nilihitaji udongo laini uliorundikana. Katikati ya shamba la mashariki palikuwa na tuta la mviringo, la kunifika kifuani, ambalo madereva wa trekta walilizunguka wakiliita kichuguu. Nililichoma fimbo, fimbo ikazama hadi nusu bila kugusa jiwe. Nilifurahi sana.

Niseme ukweli. Mimi ni mtoto wa mkulima na vichuguu navijua. Kichuguu ni kigumu, kinavunja jembe. Tuta lile lilikuwa laini, na juu yake palikuwa na kipande cha mti kilichochakaa, kilichosimikwa na mkono wa mtu. Nilikiona. Nikakigeuzia mgongo, nikahesabu hatua hamsini, nikalala kifudifudi.

Risasi za mwendo wa pole zilitoboa karatasi tundu juu ya tundu, raha tupu, ila hazikuwa na nguvu ya kuikoki bunduki; ganda lilikwama kila mara, nikawa nalichokoa kwa kidole. Zile ngumu za kasi ziliikoki vizuri, lakini zikatawanyika kama kuku waliotupiwa jiwe. Aina ya tatu, ya kasi pia lakini yenye tundu puani, ilikaa ndani ya duara la kizibo cha soda, na ikigonga kitu hufumuka na kuishia hapo hapo. Hiyo ndiyo nikaichagua. Nikaandika kwenye daftari: karatasi tatu kwa kila aina, risasi tano kwa kila karatasi, jumla arobaini na tano. Nikatia saini.

Usiku wa Jumatano mvua ilinyesha. Alhamisi mchana akaja nyumbani kwangu mzee mmoja mfugaji wa Gendabi. Tulimfahamu. Mke wangu alipotoka hospitali ya Haydom, alikojifungua kwa shida, mke wa huyo mzee alituletea maziwa kila asubuhi kwa mwezi mzima, na tulipotaka kumpa mahindi alicheka tu. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia, lakini kiti hakukitaka. Akafungua kiganja. Ndani yake palikuwa na risasi moja, pua imefumuka.

Alinieleza kwamba alikuwa ametoka kwenye kaburi la baba yake. Kila mvua zikianza hulipelekea majani mabichi na maziwa, tangu kabla trekta la kwanza halijafika bonde lile. Mwaka huu amekuta kitu hiki kimeoshwa na mvua, kimetokeza kwenye udongo.

"Wewe unafanya kazi na mashine zao," akasema. "Kitu hiki kinatoka wapi?"

"Ni kipande cha trekta, mzee."

Sijui ulimi wangu uliupata wapi uwongo ule kwa haraka namna hiyo. Akatikisa kichwa taratibu. Basi trekta limepanda juu ya baba, akasema, na Jumatatu atakwenda ofisini kuuliza ni dereva gani.

Wafugaji waliokwenda ofisini kulalamika waliulizwa kwanza walipita wapi hadi wakaona walichokiona. Yeye asingedanganya; angesema amekatiza shamba. Na waliokatiza shamba walinzi waliwafungia stoo. Wa mwisho alikaa humo siku mbili na akatoka akichechemea. Mzee wa watu angefungiwa kwa ajili ya trekta ambalo halikupanda popote.

Ijumaa sikula. Jumamosi nilisafisha bunduki mara tatu, wakati haikuwa na uchafu wowote. Mke wangu akaniuliza nina nini, nikamfokea, kisha nikamwomba radhi, kisha nikamfokea tena. Nilijiambia huenda mzee atabadili mawazo. Nilijiambia meneja huenda yuko safarini. Jumapili, katikati ya mahubiri, miguu ilinyanyuka yenyewe. Nilitoka kanisani watu wakinitazama, nikashika njia ya Gendabi nikiwa na viatu vyangu vya ibada.

Nilimkuta kwenye boma lake akikagua kwato za ndama. Nikamwambia nikiwa bado nimesimama, maana ningekaa nisingesema.

"Si trekta, mzee. Ni mimi. Nilikuwa nachagua risasi."

Akauliza kwa nini pale. Nikajibu kwamba udongo wake ni laini, hauna mawe. Akamwachia ndama.

"Mawe tuliyatoa sisi," akasema. "Kwa mikono, miezi mingi, kila jirani akileta udongo wake. Ili baba asilemewe." Kisha akauliza, "Ziko ngapi?"

"Arobaini na tano."

Tulikwenda. Jumapili shambani hapakuwa na mlinzi. Akanipa kopo, akanikataza kugusa udongo. Alitumbukiza kwanza ile aliyokuwa nayo, kisha akapiga magoti mahali nilipokuwa nikibandika karatasi, akaanza kuchimbua kwa vidole, akitoa moja moja na kurudishia udongo kila alipotoa. Zote zilikuwa eneo dogo, la upana wa karai. Alihesabu kwa lugha yake, mimi kwa Kiswahili, na tukafika pamoja arobaini na tano. Akausawazisha udongo kwa viganja, akaniuliza kama ni zote.

Daftari lilikuwa mfukoni mwangu, na lilisema ndiyo. Miguu yangu ilikuwa tayari imegeukia nyumbani. Ndipo nikakumbuka zile za kuzoesha mtutu: tano kwa kila aina, zisizohesabiwa, nilizopiga bila karatasi, popote kwenye tuta.

"Bado kumi na tano, mzee. Hizo sikuziandika. Sijui ziko wapi."

Alilitazama tuta kuanzia juu hadi chini. Nilitamani anipige.

"Nikizitafuta zote, nitakuwa namfukua baba," akasema. "Mvua itazitoa. Wewe utakuja kuziokota."

Jumatatu yeye hakwenda ofisini, nilikwenda mimi. Meneja alisikiliza, akairudisha bunduki polisi, na badala ya kunifukuza akanipeleka karakana kuosha vichujio vya trekta. Kanga walikula mbegu walivyotaka.

Shamba la serikali halipo tena, na mzee yule amelala si mbali na baba yake. Mimi bado nakwenda kila mvua zikianza, na kopo lile lile. Kuna miaka nimerudi mikono mitupu, na kuna mwaka niliokota mbili. Nimeshapata kumi na moja. Zimebaki nne, nami magoti yananisumbua, na mvua za mwaka huu zimechelewa.