Koti Jeupe Zizini Dundori

Nikikumbuka siku ile bado nataka kujifunika uso kwa leso, lakini heri niwaambie mwenyewe kabla hamjayasikia kutoka Dundori, maana huko wanayasimulia hata kwenye foleni ya kupima maziwa (na kila mtu anaongeza chumvi yake).

Kazi yangu ni kuandaa mafunzo. Nimesomea namna watu wanavyojifunza, nadharia baada ya nadharia, na cheti kimetundikwa sebuleni kwa mama yangu kule mjini, mtaa wa Bondeni, mahali ambapo mgeni hawezi kukikwepa. Siku hiyo nilikuwa namaliza miezi mitatu ya majaribio, na bosi wangu, Madam Chebet, alikuja kunitazama nikiwafundisha kina mama wafugaji kukamua kwa usafi. Nikifaulu naajiriwa, nikiharibu narudi nyumbani kukitazama cheti.

Basi nikaamua kitu kidogo tu, nivae koti jeupe, nionekane mtaalamu (ukweli ni kwamba mimi mtoto wa Bondeni maziwa niliyajua kwenye pakiti, na kukamua nilijifunza kwa video mbili).

Nilianza vizuri mno. Nikabandika karatasi kwenye ukuta wa zizi la Mama Wambui, mwenyeji wetu, nikaeleza kwamba ishara ikirudiwa pamoja na jambo fulani, anayejifunza huanza kulitarajia jambo hilo akiona ishara tu, kwa hiyo ukimpangusa ng'ombe kiwele kwa maji ya vuguvugu kila siku kabla ya kumkamua, mwishowe akiiona tu ile ndoo ya maji anaanza kuachilia maziwa. Kina mama wakaitikia kwa vichwa. Madam Chebet akaandika kitu. Nikavimba kichwa, nikabeba ndoo, nikasema, "Sasa tuone kwa vitendo!"

Karembo, ng'ombe wa Mama Wambui, akageuka akaniona, macho yakamtoka. Teke la kwanza likabeba ndoo, maji yote kifuani kwangu, la pili likanikosa, nikarudi nyuma nikakanyaga mavi mabichi, nikateleza, nikashika karatasi yangu ya nadharia tukaanguka nayo, naye Karembo akakata kamba akatoka mbio kupitia viazi vya jirani, kina mama nyuma yake, na Madam Chebet na viatu vyake vya ofisi nyuma ya kina mama.

"Mwalimu, toa hiyo koti!" Mama Wambui akapiga kelele kutoka shambani. "Anadhani wewe ni daktari wa sindano! Hapa ni yeye tu huja na koti nyeupe!"

Nilitamani ardhi inimeze. Nadharia niliyotoka kuifundisha, ng'ombe aliielewa kunishinda.

Walipomrudisha, ningeweza kusingizia tumbo nikajiendea zangu. Lakini nilivua koti nikawaambia kina mama wazi kwamba sijawahi kukamua, wakacheka mpaka wakashikana mabega. Mama Wambui akanivisha aproni yake kuukuu inayonuka Karembo mwenyewe, akaweka mikono yake juu ya yangu, kisha akautoa mmoja, kisha wa pili. "Usivute, finya kutoka juu," akasema. (Hata hiyo ni nadharia, mwalimu anakushikilia halafu anakuachia polepole, darasani niliijibu vizuri sana bila kuielewa.) Maziwa yakatoka! Mimi! Kina mama wakanipigia makofi nami nikalia mbele ya bosi.

"Lile somo la kwanza limeanguka," Madam Chebet aliniambia akijipangusa matope. "Hili la pili ndilo nataka uandike. Jumatatu njoo usaini kazi. Na viatu hivi utaosha wewe."

Niliviosha, tena kwa furaha. Na sitavaa tena koti la kumtisha mwanafunzi, wala kuandika somo kabla sijajua anayejifunza ameshafundishwa nini na maisha, awe mtu au ng'ombe.

Jioni nilimpelekea mama chupa ya maziwa. Akaonja, akaniuliza nimenunua wapi.

"Sijanunua, mama," nikamwambia. "Nimekamua."

Chupa ile tupu sasa iko sebuleni, chini ya cheti.