Mahali, Siku, Saa, Kisha Jina

Nina sauti nzuri, na sioni haya kusema hivyo. Kwa miaka mingi hapa Butembo nimesoma matangazo ya vifo redioni, asubuhi na mchana, na watu wananitambua hata nikiomba chumvi dukani. Kuna mama sokoni aliyenipunguzia bei ya maharagwe kwa sababu nilisoma vizuri tangazo la baba yake. Kwa hiyo siku mama mmoja alipokuja kutoka Kalunguta kunigombeza, nilidhani amekosea mlango.

Ilikuwa mchana, nimetoka tu kusoma. Alikuwa mtu wa rika langu, muuza vitunguu, viatu vimejaa matope ya njia, kitenge amekifunga kwa nguvu kiunoni. Nilimkaribisha kiti, akakataa kukaa.

"Ni weye njo unasomaka ma communiqué?"

"Ni mimi ninayesoma matangazo, maman."

"Basi ulinikosesha maziko ya kaka yangu."

Akanieleza. Kaka yake mkubwa aliishi Beni, mtaa wa Beu, na huko ndiko alikofia. Lakini familia iliamua kumzika Mutwanga, kwenye shamba la baba yao. Hayo yote waliyaandika kwenye karatasi waliyoniletea, na mimi niliyasoma. Kijijini kwake mtandao unakuja unapotaka, redio ndiyo simu yao. Alisikia kwamba kaka yake amekufa, akapanda pikipiki, akaenda Beu kama ambavyo mtu yeyote angeenda. Alikuta nyumba imefungwa na jirani mmoja anafagia uani, ndiye aliyemwelekeza Mutwanga.

"Nilifika Mutwanga, nikakuta banaosha majembe ya kaburi," alisema.

Nilimwonea huruma, lakini zaidi nilijionea huruma mwenyewe. Ndivyo nilivyo: ukiigusa kazi yangu, damu inanipanda. Nikaenda kwenye kabati, nikatoa karatasi ile. Mahali palikuwa pameandikwa, na siku, na saa.

"Maman, nilisoma yote. Sikuruka hata neno moja."

"Sisemi haukusoma. Ulisoma. Ile saa sisi tulikuwa tunalia."

Sikumwelewa, au sikutaka kumwelewa. Nikaamua kumwonyesha. Nilisimama pale pale ofisini nikamsomea karatasi kwa sauti yangu ya redio, taratibu, kila neno limekaa mahali pake, sawasawa na nilivyosoma siku ile. Familia hii na ile zinasikitika kuwatangazia ndugu, jamaa na marafiki kifo cha… Nikataja jina.

Akapiga ukelele. Wiki nzima alikuwa anajua kwamba kaka yake amekufa, kaburi alikuwa ameliona, na bado jina lilipotoka kwa sauti ile lilimwangusha kwenye kiti alichokikataa. Na mimi, kwa aibu nasema, niliendelea kusoma. Nilikuwa nimefika kwa mashemeji walioko Kampala na wajukuu walioko Kinshasa ndipo nikajisikia mwenyewe: mtu analia mbele yangu, nami nasoma juu ya kilio chake. Mutwanga ilikuwa bado mistari minne mbele.

Miaka yote ile nilikuwa nimekaa nyuma ya kioo, kwenye chumba kisichoingiza sauti. Sikuwahi kusikia kinachotokea upande wa pili ninapotaja jina. Vijijini redio ni moja kwa nyumba tano. Jina likitajwa, nyumba zote tano zinalia pamoja, na mimi naendelea na mahali, siku na saa, kwa watu ambao hawasikii tena kitu. Halafu nawatakia mchana mwema.

Ningeweza kumpa pole na kumsindikiza hadi mlangoni. Maneno ya kujitetea yalikuwa tayari mdomoni: hivi ndivyo matangazo yanavyoandikwa, hivi ndivyo nilivyofundishwa, wanaoandika ni familia wenyewe. Yote yalikuwa kweli. Nikayameza. Nikageuza karatasi upande usio na maandishi, nikachukua kalamu.

"Maman, kama ni weye ungesoma, ungeanzia wapi?"

Alipangusa macho kwa ncha ya kitenge, akaniangalia vizuri, aone kama namchezea.

"Uanze na fasi ya maziko. Siku. Saa. Batu bashike ile kwanza. Jina itakuya nyuma. Kisha unyamaze kidogo, utuache tulie. Kisha urudilie tena."

Niliandika kama alivyosema: mahali, siku, saa, kisha jina. Wakati wa kutoka aliniambia wasingya, asante ya kwetu, lakini kwa uso wa mtu ambaye bado anangoja kuona.

Nilipomweleza mkurugenzi wangu, alicheka. Huo mpangilio aliukubali upesi, ila kunyamaza, hapana.

"Redio ikinyamaza, mutu anazani courant ya umeme imekatika. Anaenda kwa redio ingine."

Naye hakukosea. Nilikuwa nimeshalipa gharama ya kutosikiliza, sikutaka kuilipa mara ya pili. Tukapatana hivi: kabla ya jina nitasema, "Sasa nitataja jina, kisha tutanyamaza kidogo. Musizime redio." Halafu pumzi tano, si zaidi.

Familia za kwanza zilikasirika. Mfanyabiashara mmoja alikuja kuniuliza kwa nini jina la baba yake, pamoja na vyeo vyake vyote, nalipeleka mkiani. Nilimsimulia habari ya majembe ya Mutwanga. Akaniachia karatasi yake. Mimi mwenyewe wiki zile nilijikwaa sana, maana ulimi ulikuwa umezoea njia yake ya zamani. Mara mbili nilitaja jina mapema ikanibidi niombe radhi hewani, mimi ambaye sikuwahi kuomba radhi kwa tangazo. Leo nasoma hivi bila kufikiri, na nasoma vizuri kuliko zamani. Hilo nalo sioni haya kulisema.

Mwaka uliofuata, mvua zikiwa zimeanza, mama wa vitunguu alirudi. Safari hii alikaa bila kukaribishwa. Alitoa karatasi ya daftari iliyokunjwa mara nne. Mama yake mzazi alikuwa amefia Kalunguta, na maziko yangekuwa Mutwanga, kando ya mwanawe. Aliandika tangazo mwenyewe, kwa herufi kubwa: mahali, siku, saa. Jina la mama yake lilikuwa peke yake kwenye mstari. Chini yake aliniandikia: hapa ungoje.

"Safari hii mutu asikose," alisema.

Alikaa upande wa pili wa kioo nilipoingia hewani. Nikasoma Mutwanga. Nikasoma Alhamisi, saa nne ya asubuhi. Nikawaomba watu wasizime redio. Nikataja jina, nikaangalia kwenye kioo. Sauti yake haikunifikia, ila nilimwona amejikunja, kitenge mdomoni. Pumzi tano zikapita. Mkurugenzi alitokea mlangoni akionyesha saa yake kwa kidole, akamwona yule mama, akashusha mkono. Nilingoja mpaka mama alipoinua uso na kunipungia kwamba niendelee. Ndipo nikaanza tena: Mutwanga, Alhamisi, saa nne ya asubuhi.