Siku Nilipojiita Mwindaji

Nakumbuka asubuhi moja ya mwisho wa kiangazi, mwanangu, nilipopiga goti mbele ya mkungu, mkuu wa kilima chetu kule Nyakakika, nikamwambia, bila hata kumeza mate, kwamba mimi ni mwindaji. Sikuwa mwindaji. Nilikuwa mchuuzi wa majembe na chumvi, kijana mwenye miguu migumu na mdomo mwepesi, na kiumbe pekee niliyewahi kumuua kwa mkono wangu alikuwa jogoo.

Nakuandikia haya kwa sababu nimesikia unataka kukaa katika baraza la wale wanaomshauri mkungu juu ya msitu na chemchemi, na kwamba umeanza kuwaambia watu kuwa wewe ni mjuzi wa miti. Huenda ni kweli. Sijakuona hata siku moja ukipanda mti, lakini mimi nami sioni kila kitu. Soma kwanza, kisha ujipime mwenyewe.

Na ujue anayekuambia ni nani. Baba yangu alikuwa mpagazi aliyefuata misafara ya watu wa pwani hadi Kafuro, akaumwa mguu, wenzake wakaondoka, yeye akabaki. Hakuniachia ng'ombe wala mgomba. Chuoni nilikaa miezi michache tu, mwalimu akanichoka kabla mimi sijamchoka. Kusoma na kuandika nimejifundisha ukubwani, kwa ukaidi. Nilianza na mzigo mmoja wa chumvi juu ya kichwa changu hiki, na leo hakuna kivuko cha Mto Kagera ambacho nikifika mwenye mtumbwi hanijui kwa jina. Sisemi haya kwa kujisifu. Basi, kidogo najisifu. Aliyepanda mlima kwa miguu yake ana haki ya kuutaja.

Turudi kwenye habari yetu. Miaka ile sotoka ilikuwa imekwisha kuwafagia ng'ombe wa Karagwe. Vilima ambavyo zamani vililishwa hadi vikawa kama kichwa kilichonyolewa, sasa vilivaa nyasi ndefu za kumfunika mtu pamoja na mzigo wake. Kwa hiyo moto wa kiangazi ulikuwa jambo zito. Nyasi zisipochomwa, njia haipitiki, na chui anakungoja ndani yake. Zikichomwa ovyo, moto unashuka korongoni. Na korongoni, upande wa mawio, ndiko kulikokuwa na msitu uliofunika chemchemi yetu. Kilima kizima kilikunywa pale. Hatukuwa na maji mengine ya karibu.

Ndiyo maana mkungu hakuamua siku ya moto peke yake. Alikuwa na watu watano wa kumshauri, na hakuwachagua kwa ukoo wala kwa ukubwa wa zizi, bali kwa kazi zao. Mhunzi alikaa pale kwa kuwa alikata miti ya makaa, akajua upi ukikatwa unachipua na upi ukikatwa umekwenda. Mchungaji alibaki hata baada ya ng'ombe zake kufa, maana ng'ombe hufa lakini ujuzi wa nyasi haufi nao. Mzee Bitegeko alikuwa mrina asali. Mizinga yake yote ilikuwa juu ya miti ya korongo lile, na nyuki wake ndio waliompa habari za maua na mvua. Bibi Kokugonza alikuwa mfinyanzi, mwanamke mfupi mwenye vidole vilivyokauka kwa udongo. Alichimba kando ya chemchemi tangu usichana wake, na udongo ukipasuka mapema alijua maji yameshuka kabla mtu mwingine hajaona kitu.

Wa tano ndiye mwindaji, na kazi yake barazani ilikuwa upepo. Mwindaji asiyejua upepo hulala njaa, maana mnyama humnusa kabla yeye hajamwona. Mwindaji wetu alikuwa amefariki masika yaliyotangulia, kigoda chake kikawa kitupu.

Nao walikuwa na desturi moja, njema sana: mtu akisema jambo la kazi yake, wenzake hawamhoji. Mfinyanzi akisema maji yameshuka, mhunzi hamwulizi amejuaje. Kila ndege huruka kwa ubawa wake. Katika desturi hiyo njema ndimo nilimopenya, kama panya apitavyo chini ya mlango wa mtu mwaminifu.

Nilikuwa na sababu yangu. Wapagazi wangu walikuwa wamekaa kitako wakila ndizi zangu, mizigo ya majembe imefungwa, nao wakikataa kutia mguu njiani kabla nyasi hazijachomwa. Nilikuwa na habari kwamba mchuuzi mwingine wa Kafuro anajiandaa kwenda kule kule niendako. Na kulikuwa na sababu ya pili, ambayo niliificha miaka mingi: nilitaka kukaa kwenye kigoda kile. Mtoto wa mpagazi, ameketi na wakubwa, anapewa buni za kutafuna, heshima ya mgeni mkubwa, kwa mkono wa mkungu. Nilidhani nikisema mimi ni mchuuzi watanicheka. Kwa hiyo nikasema mimi ni mwindaji, nimewinda miaka mingi upande wa Kyerwa, kando ya mto, ambako hakuna aliyenijua.

Mkungu alinitazama kitambo, akanipa kigoda. Ulimi wangu ulikuwa mtamu, mwanangu. Hata sasa ni mtamu, waulize walionunua kwangu.

Siku ya baraza walizungumza polepole, kama kawaida yao. Desturi ya marehemu ilikuwa kuchoma upande mmoja kwa siku moja: moto huwashwa umande ukikauka, na alasiri kila mtu amekwisha kurudi kwake. Upande wa njia kwanza, upande wa korongo baadaye, na katikati wakipumzika siku moja mbili kutazama hali. Kwangu zile zilikuwa siku za kulisha wapagazi. Nikasema tuchome pande zote mbili siku moja. Asubuhi njia, mchana korongo.

Mzee Bitegeko akanigeukia. Hakuwa na shaka. Aliniuliza kama mtu anavyomwuliza fundi.

"Kijana wangu, wewe ndiwe mwenye upepo. Ule wa korongoni hugeuka wakati gani?"

Sikujua kama hugeuka. Nikajibu kwa sauti nene kwamba haugeuki mpaka jua lizame. Yule mzee akaitikia kwa kichwa, wengine wakaitikia. Neno limekwisha.

Sasa sikiliza jambo ambalo mwindaji yeyote angekuambia huku akichonga mshale. Korongo lile lilitazama mawio. Alasiri, jua likingali juu huko kwingine, kilima chenyewe kilitupa kivuli chake ndani ya korongo. Kivuli kikifika, hewa hupoa, na upepo uliokuwa ukipanda hugeuka ukashuka. Wanyama wa mle walijua. Marehemu alijua. Mimi nilijua bei ya chumvi.

Tukachoma upande wa njia asubuhi, ukaungua vizuri, nikapokea sifa. Mchana tukawasha upande wa korongo. Moto ulipanda kilima kama ng'ombe mtiifu, watu wakacheka na kuwatania wapagazi wangu kwamba sasa hawana pa kujificha kazi. Kisha kivuli kikaingia. Kwanza moshi ulisimama wima, kana kwamba unafikiri. Halafu ukainama upande mwingine, nao moto ukafuata.

Tulipigana nao kwa matawi mabichi hadi mikono ikatoka malengelenge. Mhunzi aliungua nywele. Haikufaa kitu. Moto uliingia msituni, ukapanda kwenye mizinga ya mzee Bitegeko, mmoja baada ya mwingine, nta ikidondoka na kuwaka. Yeye alisimama akitazama, hakulia. Msitu wa juu ya chemchemi ukateketea, ukabaki ule wa chini tu, kando ya tope.

Asubuhi ya pili mkungu akatuita. Mchungaji alisema huenda marehemu amekasirika. Mhunzi alisema mwaka una mambo yake. Na mzee Bitegeko, mtu ambaye sasa hakuwa na mzinga hata mmoja, akanitetea: akasema upepo ni upepo, hata fundi hukosea, kijana asilaumiwe. Mwanangu, nimepigwa na majambazi, nimezama Kagera nikavutwa kwa nywele, lakini sijapata kuumia kama nilivyoumia kwa kutetewa na mzee yule.

Ningependa kukuambia kuwa hapo nilisimama nikakiri. Sikusimama. Nilitazama chini, nikatafuna buni.

Ni Bibi Kokugonza aliyevunja desturi na kuuliza.

"Mwindaji, mbwa wako wanaitwaje?"

Mwindaji wa kwetu bila mbwa ni nani?

"Basi nitajie hata mmoja. Aliyekufa pia nitampokea."

Hapo mchungaji alicheka kidogo, kisha akaacha, maana alikuwa ameelewa. Wote walielewa. Nikasema, kwa sauti ambayo hata mimi sikuitambua, kwamba sina mbwa, sijawahi kuwinda, mimi ni mchuuzi, mtoto wa mpagazi wa Kafuro.

Nilingoja matusi. Bibi yule alinitazama kama anavyotazama chungu kilichopasuka tanuruni, akitafuta ufa ulikoanzia.

"Mficha uchi hazai, mjukuu wangu. Nani alikuambia tungekucheka? Mimi nachimba tope. Kwa ajili ya tope hilo nimekalishwa hapa na wakubwa. Wewe kazi yako ni kutembea. Haya, huko unakotembea, wanachomaje nyasi zao?"

Nikafungua mdomo nijibu, na jibu likaja lenyewe, na lilipokuwa likitoka ndipo nilipolisikia. Nikawaambia kwamba upande wa Kyerwa kuna kilima nilicholala mara nyingi, nao wana msitu kama wetu. Kabla ya moto, watu wote hutoka na majembe, wakalima ukanda wa ardhi tupu kuuzunguka msitu, upana wa hatua kadhaa. Moto ukifika kwenye ukanda ule hauna cha kula, unakufa. Nilikuwa nimekula ndizi zao, nimeuvuka ukanda ule kwa miguu yangu. Hata majembe waliyolimia niliwauzia mimi.

Mzee Bitegeko alifunika uso wake kwa ncha ya vazi lake la gome la mti. Jana yake hakulia kwa mizinga. Siku ile alilia.

Mwisho mkungu akasema, "Tulikuwa na mtu wa njia humu ndani, naye hakutuambia kuwa yupo." Akanyanyuka akaenda zake.

Kiangazi kilichofuata chemchemi ilikonda ikawa uzi. Wanawake walishuka mbali hadi bondeni na mitungi, na wengine walinipita bila kunisalimu, nilistahili. Wapagazi wangu waliondoka na yule mchuuzi mwingine. Mimi nilibaki nikimchongea mzee Bitegeko mizinga mipya, na nilichonga vibaya, nyuki hawakuingia mingi yake. Alinishukuru vivyo hivyo. Alifariki kabla miti haijarudi juu ya chemchemi.

Barazani waliniita tena baada ya miaka, lakini safari hii niliitwa mchuuzi. Nilikaa kigoda cha mwisho karibu na mlango. Niliwaambia niliyoyaona njiani, na ambayo sikuyaona niliwaambia sikuyaona. Ukanda wa majembe ulilimwa kila mwaka. Kigoda cha mwindaji kilikaa kitupu hadi alipopatikana mwindaji, na ikawa heri zaidi hivyo: kigoda kitupu kinamwambia kila mtu kwamba hapa hatujui, tuulize. Kigoda chenye mwongo hakisemi hivyo.

Basi nasaha yangu ni hii, mwanangu. Wakikuita kushauri juu ya msitu, maji au ardhi, waambie kazi yako ile ile iliyokuotesha sugu, hata kama unaiona ndogo. Usiazime kazi ya mwenzako ili uonekane mrefu. Watu wema hawatakuhoji, na hapo ndipo hatari ilipo, maana wakikuamini watawasha moto kwa neno lako. Ukiulizwa usilolijua, sema sijui. Neno hilo halijateketeza msitu wa mtu. Na kama kazi yako ni kuuza sindano sokoni, nenda na sindano zako: huenda wewe ndiwe uliyeona jambo ambalo wakubwa wote hawajaliona. Ukijificha, unawaibia mara mbili. Unawapa mtu ambaye hayupo, na unawanyima yule aliyekuwepo.

Nami niliyejaliwa kufika mbali kwa miguu yangu nakuombea dua. Mwenyezi Mungu akupe kazi ya halali usiyoionea haya, akukutanishe na wazee watakaokuuliza mapema, na chemchemi utakayopewa kuilinda uiache ikitoa maji mengi kuliko ulivyoikuta. Amina.