Shika Kifundo, Si Vidole

Harufu ya sufu kuukuu iliyolala na vile vidonge vyeupe vya kufukuzia nondo hunifuata mpaka leo. Hunikuta kwenye maduka ya mitumba pale Parramatta, hunikuta kazini nifunguapo kabati la bibi ninayemhudumia, na kila inaponikuta nina miaka kumi na mmoja tena. Nimesimama kwenye ukumbi wa mbao katika mji mdogo ng'ambo ya milima iliyo magharibi ya Sydney, nimevaa koti la mtu nisiyemjua, na shingoni nimefungwa kwa uzi kipande cha karatasi ngumu chenye jina langu, Neema. Ni likizo ya Julai, na baridi inauma masikio. Mkono wangu wa kulia umemshika mdogo wangu, Sadiki, mwenye miaka sita. Hatuko vitani. Tuko kwenye kipindi cha televisheni.

Kipindi kilitaka watoto wa leo waonje maisha ya wale waliohamishwa mijini wakati wa Vita Kuu ya Pili, wakapelekwa bara kukaa na watu wasiowajua kwa kuhofiwa mabomu. Walitafuta watoto katika shule mbalimbali, na kwetu Mount Druitt wakatuchagua sisi wawili. Tulikuwa na miaka miwili tu Australia, tukitokea kambini upande wa Kigoma, na kabla ya hapo Kivu. Baba alibaki kambini, kaburini. Kaka yetu mkubwa, Elia, alipotea njiani siku tuliyokimbia, mimi nikiwa mgongoni mwa Mama na Sadiki hajazaliwa. Alipoteaje, hakuna aliyetuambia. Jina lake lilitajwa kwenye sala ya jioni, baada ya la Baba, kisha tukasema amina.

Aliyekuja kumwomba Mama ruhusa alikuwa msichana wa kipindi aitwaye Jodie, mwenye nywele fupi na cheko la karibu. Mama alipika bugali na sombe, yale majani ya muhogo ya kwetu, akakaanga na samaki. Jodie alinawa, akala kwa mkono, akaomba aongezewe. Kwa Mama hilo lilimaliza maneno yote. Aliamini kwamba mtu aliyekula kwako amefungwa mdomo na mkono, hawezi tena kukutendea baya. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Jirani yetu Baba Gloria, Mrundi mwenye mizaha, aliyekuwa amekaa mlangoni, akamwuliza, "Mama Neema, siku hizi wazungu wanaigiza ukimbizi? Wangeniuliza mimi, ningewapa wangu wote, na mfuko wa kuubebea juu yake." Mama akacheka. Kisha akanigeukia mimi, mkalimani wa nyumba, akaniambia nimweleze mgeni jambo moja tu: hawa wawili wasiachanishwe. Nikatafsiri. Jodie akaweka kiganja kifuani, akasema, "Naahidi." Nililiona dole gumba lake likiwa bado na unga wa bugali.

Siku ya safari Mama alitufungia mizigo kama anavyojua yeye. Kila mmoja alipata furushi lake: sufuria ndogo, kiberiti, sweta, na chumvi iliyofungwa kwenye kitambaa. Nilipouliza kwa nini chumvi iwe mara mbili, alijibu, "Kila mtu abebe yake." Kwenye basi watu wa kipindi walifungua mafurushi yetu, wakatazamana, wakacheka bila ubaya. Wakasema watoto wa wakati ule hawakubeba sufuria. Wakatupa masanduku ya karatasi ngumu, na ndani ya kila moja dubu wa kitambaa.

Siku ya kwanza wenzetu waliteseka. Walitoka vitongoji vizuri vya karibu na bahari, na walipopokonywa simu zao walilia kwa dhati. Wala siwacheki, kila mtoto hulia kwa alichopoteza. Mezani tulipewa mkate uliopakwa mafuta ya nyama yaliyoganda. Mvulana mmoja alisema hiyo ni adhabu. Sadiki alikula wake, akala wa mvulana yule, akauliza kama kesho utakuwepo tena. Usiku kila mtu alikuwa na kitanda chake na blanketi mbili. Niliona mwongozaji, bwana mrefu mwenye skafu, akituangalia mimi na Sadiki kama mpishi anavyoangalia maharage yasiyotaka kuiva. Hatukuwa tukiteseka. Tulikuwa tunamharibia kipindi.

Asubuhi iliyofuata tukapangwa ukumbini. Wenyeji walioigiza kutupokea wakaingia, wakapita mbele yetu wakichagua, huyu nitamchukua, yule hapana. Mwanamke mmoja akanielekezea kidole mimi. Mwanamume mwenye kofia akamwelekezea Sadiki, akamvuta. Hakwenda. Nilikuwa nimemshika kifundo cha mkono, kwa sababu ndivyo tulivyofundishwa. Nyumbani kwetu mtoto hashikwi vidole. Barabarani, sokoni, stesheni, hata kanisani, Mama alitushika kifundo, na mimi nilimshika Sadiki vivyo hivyo. Nilidhani ndivyo dunia nzima inavyoshika. Mwanamume akavuta, mimi nikavuta, Sadiki akapiga kelele, "Yaya! Yaya!" Ndivyo tunavyomwita dada au kaka mkubwa kule Kivu. Mwongozaji akasimamisha kamera. Hakukasirika. Alinieleza kwa upole kwamba nikimshika hivyo ninaonekana kama polisi aliyekamata mwizi. Akasema nimshike vidole. Vidole vinapendeza zaidi.

Nilikataa. Nikamtafuta Jodie, nikamkumbusha ahadi yake mbele ya watu wote. Alikuja, akapiga magoti, uso wake sawa na wangu, akasema ni maigizo tu, mdogo wangu akishavuka ule mlango atarudishwa kwangu papo hapo. Nilimwamini. Alikuwa amekula kwetu. Nikamweleza Sadiki kwa Kiswahili, naye akafuta kamasi kwa mkono wa koti. Nikamshika vidole. Kamera ikawaka, mwanamume akavuta mara moja tu, na vidole vya Sadiki vikatoka mkononi mwangu, kimoja baada ya kingine, kwa wepesi ambao sikuutarajia. Mlango ukafungwa. Sikuletewa mtu. Nilipomgeukia Jodie, alikuwa anaangalia viatu vyake.

Tulikaa mbalimbali siku mbili. Mwanamke aliyenichukua hakuwa mbaya; alinichemshia maziwa, akanisifu kwa kuosha vyombo bila kuambiwa. Niliuliza alipo Sadiki, akaangalia kamera kwanza kabla ya kunijibu kwamba hajui. Baadaye nilisikia kwamba huko alikokuwa Sadiki hakula, yeye aliyekula mikate ya wengine. Siku ya tatu wakatukutanisha kwenye kituo cha treni, huku moshi wa bandia ukipulizwa miguuni mwetu. Tulitakiwa tukimbiliane. Mimi nilikimbia. Sadiki alitembea polepole, mikono ameitia mifukoni, na nilipomfikia hakuitoa.

Mama nilimweleza jioni ile ile tuliporudi. Alimpapasa Sadiki kichwani mpaka miguuni kama anayetafuta jeraha, asilione. Lakini kusikia si kuona. Kipindi kilipoonyeshwa, sebule yetu ilijaa majirani, watoto wamekaa sakafuni, sahani ya maandazi inazunguka. Ikafika sehemu ya ukumbi. Walikuwa wameipunguza mwendo na kuiwekea vinanda, na kamera ilikuwa karibu sana na mikono yetu, vidole vikitoka kimoja kimoja. Baba Gloria, ambaye hakukosa neno maishani mwake, akasema, "Zimeni." Hakuna aliyezima. Mama alikuwa amesimama. Akasema, si kwa yeyote, "Ni vile vile. Nilimushika vidole."

Hakusema jina. Hakuhitaji kusema. Wote tulijua ni nani, na mimi nikajua kwa nini tunashikwa kifundo. Elia alikuwa na miaka sita pia.

Wiki ile Jodie alikuja na maua na diski ya kipindi. Mama alifungua mlango, akageuka, akakaa. Hakusema karibu. Hakuna maji yaliyoletwa, hakuna chai, na sufuria ya maharage ilikuwa inatokota jikoni, harufu yake imejaa nyumba nzima. Sijawahi, kabla wala baada, kumwona mgeni akikaa kwa Mama bila hata glasi ya maji. Jodie alikaa kwenye ukingo wa kochi, akasema nchi nzima ililia. Mama akaniambia, "Mwambie alikula kwangu." Nikatafsiri hivyo hivyo, neno kwa neno. Jodie akatabasamu, akaweka kiganja kifuani kama siku ile, akasema chakula kilikuwa kitamu ajabu, hajakisahau. Mama akanitazama, akingoja. Hilo sikulitafsiri.

Leo Sadiki anaishi Doonside, anaendesha folklifti kwenye ghala, na ana mizaha kumpita Baba Gloria. Kambi haikumbuki. Wenzake kazini wakimwuliza habari za vita, huwasimulia ukumbi wa mbao, mwanamume mwenye kofia, mlango uliofungwa. Ndiyo vita pekee aliyo nayo, na alipewa hapa, katika nchi ya amani, na watu wenye tabasamu. Picha zetu akiwa mdogo zote zina mikono mifukoni.

Mwezi uliopita binti yangu alirudi shuleni macho mekundu. Mwalimu aliwaonyesha kipande kile kwenye somo la historia, na darasa zima lililia. Binti yangu hakututambua, ni miaka mingi, na jina langu shingoni halikusomeka. Aliniuliza kwa Kiingereza, kama anavyojibu kila kitu, iwapo yule mtoto alipatikana. Nikamwambia alipatikana, ni mjomba wako, utamwona Jumapili. Akafurahi, akaruka. Hakuuliza kama kulikuwa na mwingine. Wala nchi nzima iliyolia haikuuliza. Machozi yote waliyokuwa nayo kwa mtoto aliyechomoka mkononi walimpa aliyerudishwa siku ya tatu. Ya Elia aliyalia Mama peke yake, njiani, bila kusimama, maana nyuma walikuwa wanapiga risasi.

Jioni ile tulivuka barabara mbele ya stesheni ya Mount Druitt, watu wakimiminika kutoka kwenye treni. Binti yangu akanipa vidole. Nikapandisha mkono wangu, nikashika kifundo.

"Mama, unaniumiza," akasema.

Nikalegeza kidogo. Sikuachia.